Kuokoa Kompyuta za Kale: Kutoka Hazina hadi Morogoro

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, yaani Hazina, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza ya International Computers and Tabulators, ingawa asili yake ilikuwa Marekani: kampuni ya RCA ndiyo iliyoibuni kwa jina la RCA 301, na ICT ikaibandika jina jipya na kuiuza katika masoko yake. Haikuwa na skrini. Kumbukumbu yake ya sumaku ilibeba herufi 10,000 hadi 40,000, kutegemea kiasi alicholipia mnunuzi. Picha moja ya simu ya leo isingeingia humo. Ilijaza chumba, ilihitaji kiyoyozi, na ililishwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu.

Kuiendesha kulihitaji watu wengi. Karani mmoja alisoma vocha na kutoboa kadi kwa mashine yenye vibonye. Karani wa pili alipiga upya tarakimu zilezile kwenye mashine ya uhakiki, na kadi isiyolingana ilirudishwa kutobolewa tena. Mwendeshaji alipanga mafungu ya kadi kwa mfuatano, akayaingiza, akasubiri matokeo yachapwe. Fungu moja likianguka na kutawanyika sakafuni, asubuhi nzima ilipotea katika kulipanga upya. Juu ya hao wote walikuwepo waandishi wa programu, na katika nchi iliyokuwa na miaka minne tu ya uhuru, wataalamu wa aina hiyo walitoka nje. Walipomaliza mikataba yao waliondoka na elimu ya mfumo mzima vichwani mwao.

Mwaka 1968 ICT iliungana na English Electric Computers ikazaliwa ICL, jina ambalo wahasibu wengi wa Afrika Mashariki walilifahamu. Idadi ya mashine nchini iliongezeka polepole: kufikia mwaka 1974 zilikuwa saba. Wakati huo jaribio la Hazina la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta lilikuwa limegeuka mzigo. Mfumo haukueleweka vya kutosha kwa waliobaki nao, hesabu hazikufungwa kwa wakati, na fedha za kigeni zilizotumika zilikuwa nyingi. Mwaka huohuo wa 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, na televisheni zikawekwa katika katazo hilohilo. Ndiyo sababu Tanzania Bara ilikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikuwa na chake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Marufuku hiyo husimuliwa mara nyingi kama woga wa maendeleo, na simulizi hilo haliwatendei haki waliokata shauri. Serikali ilikuwa imekwisha kuona kwa macho yake mashine ya gharama kubwa ikishindwa kazi, na wenye kuielewa wakiwa wageni. Kujihadhari baada ya hapo hakukuwa ujinga. Hasara yake ilijificha mahali pengine. Kwa zaidi ya miaka kumi, wakati mafundi wa nchi nyingine walipokuwa wakizoea kufungua, kusafisha na kutengeneza kompyuta, Tanzania ilibaki na mashine chache zilizoguswa na watu wachache. Palikosekana mafundi wa kurithishana kazi, na palikosekana mazoea ya kuiona kompyuta kuukuu kama kitu cha kutunzwa. Ndiyo maana mashine yoyote iliyoingia nchini kabla ya miaka ya 1990 ni adimu leo, hata kama huko ilikotengenezwa zilitoka maelfu.

Katazo halikuwa la kufunga mlango kabisa. Kwa kibali maalumu taasisi iliweza kuagiza, na katika miaka ya 1980 vibali hivyo viliongezeka kwa sababu ya kompyuta ndogo za mezani, ambazo zilikuja pamoja na miradi ya wafadhili: gari, pikipiki, jenereta, kompyuta. Hapo ndipo Morogoro inapoingia katika historia hii kwa uzito, maana mji ule chini ya Milima ya Uluguru, pamoja na mkoa wake, ulikuwa na taasisi za aina hasa iliyopata miradi hiyo. Chuo cha kilimo kilichoanza mwaka 1965 kilikuja kuwa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huohuo pale Dakawa, mkoani humohumo. Mzumbe, kusini-magharibi mwa mji, shule ya serikali za mitaa ya mwaka 1953 iligeuzwa kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, kisha Chuo Kikuu mwaka 2001. Na katika bonde la Kilombero, Ifakara, Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ilikuwa na maabara tangu mwaka 1957, chini ya uongozi wa Rudolf Geigy. Maabara hiyo ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo.

Kazi za Ifakara zinaonyesha vizuri kompyuta zilitumika kufanya nini. Mwaka 1996 ulianza ufuatiliaji wa watu katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kila kaya ilitembelewa mara moja kila miezi minne, na kila kuzaliwa, kufa, kuhama na kuhamia kukaandikwa. Fomu zililetwa Ifakara na kuingizwa katika programu iliyoandikwa kwa lugha ya FoxPro. Programu ilikataa yasiyowezekana: mama aliyezaliwa baada ya mtoto wake, au marehemu aliyehama kijiji. Mfumo wa namna hiyo ni kazi ya akili iliyostahili heshima sawa na kitabu. Microsoft iliacha kuendeleza FoxPro, na msaada wake ukakoma mwaka 2015. Taarifa zilizohamishwa mapema kwenda mifumo mipya zinasomeka. Kumbukumbu yoyote ya miaka ile iliyobaki kwenye diski ya mashine ya zamani inahitaji mashine yake, au nakala yake ya kuigiza, ili ifunguke.

Wakati huohuo wilaya ya Morogoro Vijijini, ambamo zimo sehemu kubwa za Uluguru, iliwekwa pamoja na wilaya ya Rufiji katika mradi wa afya ulioitwa TEHIP. Swali la mradi lilikuwa rahisi kulitamka: je, bajeti ya afya ya wilaya ikipangwa kwa kufuata magonjwa yanayoua watu kweli, vifo vitapungua? Timu za afya za wilaya zilipewa zana za kompyuta zilizochora kwa picha mzigo wa kila ugonjwa kando ya fedha ulizotengewa. Vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Mafanikio hayo yalikuwa ya wauguzi, dawa, vyandarua na uongozi. Hata hivyo kompyuta ya ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ilikuwa sehemu ya historia hiyo.

Milima yenyewe inatoa kipimo cha kile kinachoweza kupotea. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa Uluguru, kwa muda usiozidi saa tatu, na maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 yakashuka miteremkoni. Paul Temple na Anders Rapp, katika utafiti ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Uppsala, waliyapima, wakayachora ramani, na mwaka 1972 matokeo yakachapishwa. Mtafiti wa leo anayechunguza udongo wa Mgeta anafungua kurasa zile na kusoma vipimo bila kifaa chochote zaidi ya miwani. Vipimo vilivyochukuliwa miaka 20 baadaye na kuwekwa kwenye flopi ya inchi tano na robo haviko wazi kiasi hicho. Vinahitaji kiendeshi cha flopi cha aina hiyo, mashine inayokitambua, programu iliyoandika faili, na diski ambayo ukungu haujaila. Kimoja kikikosekana, vipimo havisomeki. Kuokoa kompyuta ya zamani ya utafiti, kwa hiyo, mara nyingi ni kuokoa mvua, mito na misitu iliyopimwa kwayo.

Mazingira ya kazi hayakuwa rafiki kwa mashine. Mkoa wa Morogoro ndio wenye bwawa la kuzalisha umeme la Kidatu, lililoanza kufanya kazi mwaka 1975, na baadaye Kihansi. Bado wakazi wake hawakuepuka mgao wa umeme wa miaka ya 1990, wakati ukame ulipokausha mabwawa. Kompyuta haiuawi sana na giza. Huuawa na umeme unaporudi kwa kishindo, volti zikiruka juu kabla hazijatulia. Stabilaiza na betri ya akiba zikawa vifaa vya lazima kando ya kila mashine yenye thamani, na zilipokosekana, pawasaplai ndiyo iliyokufa kwanza. Masika yalileta unyevu, kiangazi vumbi jekundu, na mende na mijusi waliingia kutafuta joto. Mashine iliyoharibika haikutupwa mara moja. Ilipelekwa stoo, ikawekwa juu ya nyingine, ikangoja.

Kungoja huko ndiko kulikoamua hatima yake. Mali ya Serikali haifutwi kwenye leja bila idhini. Inakaguliwa, inatangazwa chakavu, kisha inauzwa kwa mnada au kuteketezwa. Utaratibu huo unalinda fedha za umma, lakini hauna swali linalouliza kama kifaa kina thamani ya kihistoria. Katika mnada kompyuta ya mwaka 1989 na kabati lililopinda huwekwa fungu moja, na mnunuzi wa chuma chakavu anapima kilo. Bati, shaba na alumini huenda njia yake; miongozo ya matumizi, iliyokuwa kwenye majalada mazito kando ya mashine, huenda kufungia maandazi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haisaidii sana hapa. Inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Mlango wa nakshi una kinga. Mashine iliyokokotoa hesabu za miaka ya mwanzo ya taifa haina, labda waziri atumie uwezo wake wa kutangaza kitu fulani kuwa cha kulindwa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inagusa kilichomo ndani, kwa kuwa kumbukumbu ya umma ni kumbukumbu hata ikiwa kwenye diski, lakini haitunzi chombo cha kuisomea. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi magari, likiwemo Rolls-Royce la enzi za magavana. Aliyeona mbali kuhusu gari hakukosea, na hoja ileile inaihusu kompyuta.

Uingereza, zilikotoka mashine nyingi za awali za nchi hii, kazi ya kufufua imekuwa na muda wa kukomaa, na visa viwili vinafundisha mengi. Chuo Kikuu cha London kilipokea kompyuta ya ICT 1301 mwaka 1962, ndugu wa ukoo mmoja wa kibiashara na ile ya Hazina. Ilipoachwa kutumika ilinunuliwa na wanafunzi, ikahamishiwa shambani katika jimbo la Kent, na watu wa kujitolea wakairudishia uhai huku wakiwa bado na michoro yake ya umeme na vipuri vya mashine nyingine za aina hiyo. Kisa cha pili ni cha kompyuta ya Harwell Dekatron, iliyoanza kazi mwaka 1951 katika kituo cha utafiti wa nyuklia, ikahamia chuo kimoja cha Wolverhampton kufundishia hadi mwaka 1973, kisha ikaishia kwenye stoo ya makumbusho ya Birmingham. Iligunduliwa upya, ikasafirishwa hadi makumbusho ya kompyuta huko Bletchley, na tarehe 20 Novemba 2012 iliwashwa mbele ya watu. Ina uzito wa tani mbili na nusu na ndiyo kompyuta asilia ya kidijitali ya zamani kuliko zote inayofanya kazi. Visa vyote viwili vinakubaliana katika jambo moja: chuma kilisubiri, karatasi zikahifadhiwa, na waliowahi kuifahamu mashine walikuwa bado hai.

Mashine ambazo fundi wa Morogoro anaweza kukutana nazo ni ndogo kuliko hizo: kompyuta za mezani za aina ya IBM na, kwa nadra, zile kompyuta zenye nguvu za watafiti na wachora ramani, kama SPARCstation ya Sun iliyotoka mwaka 1989. Hizi za pili ni adimu kweli, kwani bei yake ilikuwa mara kadhaa ya kompyuta ya kawaida, na zilifika mahali palipokuwa na picha za satelaiti za kuchambua au hesabu kubwa za kufanya.

Kosa la kwanza linaloziua ni hamu ya kuona kama zinawaka. Mashine iliyolala miaka 20 haichomekwi ukutani. Inapigwa picha kila upande, inafunguliwa, na betri inatolewa kabla ya kitu kingine chochote. Betri za nikeli na kadimiamu, zenye umbo la pipa dogo, huvuja na kumwaga dawa kali ya alkali ambayo hula njia za shaba kwenye bodi. Unyevu wa miteremko ya Uluguru huharakisha ulaji huo. Siki kidogo huituliza alkali hiyo, kisha bodi husafishwa kwa maji yaliyochujwa chumvi na spiriti, na kukaushwa kwa siku kadhaa. Njia ya shaba iliyolika huunganishwa upya kwa waya mwembamba na lehemu, ikifuatwa kwa mita hadi mwisho wake.

Baada ya hapo ni pawasaplai. Kapasita zake za elektroliti hukauka ndani, na zinabadilishwa kwa zenye uwezo uleule na volti sawa au zaidi, chanya na hasi zikiangaliwa mara mbili. Hatari zaidi ni zile kapasita za karatasi za kuchujia umeme wa volti 230 unapoingia: ganda lake hupasuka kwa miaka, karatasi hunywa unyevu wa masika, na dakika chache baada ya kuwashwa hulipuka kwa moshi wenye harufu isiyosahaulika. Zinatolewa hata kama zinaonekana nzima. Jaribio la kwanza hufanywa kwa njia ambayo mafundi redio wameitumia tangu zamani: balbu ya waya huunganishwa mfululizo na mashine. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, umeme unapita kama inavyotakiwa. Monita ya kioo inahitaji hadhari ya pekee, kwa sababu bomba lake linaweza kushika maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Kompyuta za Sun zina ugonjwa wao. Chipu yake ya saa na kumbukumbu ya utambulisho ina betri iliyofungiwa ndani ya plastiki, na inadumu kama miaka kumi. Ikifa, mashine husahau yenyewe ni nani: namba yake ya utambulisho na anwani yake ya mtandao hupotea, na baadhi ya programu zilizokuwa na leseni ya namba hiyo hukataa kufunguka. Mafundi huchimba plastiki kwa uangalifu hadi kwenye miguu ya betri, huikata na kuunganisha betri ya kidonge kutoka nje. Namba ya zamani huandikwa upya kwa mkono, ikiwa mtu aliinakili kwenye kibandiko au daftari la vifaa.

Diski ngumu ndiyo yenye uharaka, kwa kuwa huenda ikazunguka mara moja tu kabla ya kufa. Kwa hiyo hairuhusiwi kufanya kazi ya kawaida. Mzunguko wake wa kwanza hutumika kunakili kila sehemu yake, zikiwemo zinazoonekana tupu, kwenda faili moja kwenye kompyuta ya kisasa. Mashine hupewa kadi ya kumbukumbu inayojifanya diski, na diski asilia huwekwa kando ikiwa na lebo. Flopi zenye ukungu husafishwa kwa spiriti na pamba kabla hazijasomwa, la sivyo ukungu hukwangua kichwa cha kisomaji na kuharibu diski zinazofuata. Kisomaji chenyewe leo kinaweza kuunganishwa na kifaa kidogo kinachorekodi mabadiliko ya sumaku moja kwa moja, hata bila kuujua mfumo wa faili. Kusoma maana hufanywa baadaye, kwa utulivu.

Kisichonakilika kwa kifaa ni maarifa ya waliotumia. Mtu aliyeajiriwa mwaka 1965 akiwa na miaka 20 kutoboa kadi leo ni mzee wa miaka 80 na zaidi. Aliyeingiza fomu Ifakara mwaka 1996 anakaribia kustaafu au amestaafu. Wao ndio wanaojua kwa nini safu fulani ya jedwali iliachwa wazi, kifupisho cha herufi tatu kilimaanisha kijiji gani, na ni mwezi upi saa ya mashine ilikosewa hata tarehe za faili zikapotoka. Anayefufua mashine bila kuwatafuta hurudisha taa na sauti ya feni, na faili zilizojaa tarakimu zisizo na maelezo. Mahojiano hayo hurekodiwa, huandikwa, na huwekwa pamoja na picha za ndani ya mashine, nakala ya diski, miongozo iliyosalia, na orodha ya kila kipuri kilichobadilishwa pamoja na tarehe yake, ili fundi atakayeifungua baadaye ajue kilicho asilia na kilichoongezwa.